Uzi: Kupambana na moto ukiwa nje ya jengo – maji yaelekezwe wapi, watu wasimame wapi

Chapisho la 1 – Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu. Kila soko au ghorofa linapoungua, lawama ya kwanza inayosikika ni kwamba askari wa zimamoto walisimama nje wakimwaga maji tu. Hata mimi niliwahi kuitamka lawama hiyo, kabla sijafanya kazi kwa miaka kadhaa katika kikosi cha zimamoto cha kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nimeanzisha uzi huu ili tujadili kazi ya nje kwa undani wake, kwa kuwa ina kanuni zake, na anayezivunja huweza kuua wenzake hata kama moto wenyewe umezimika.

Naanza na lile ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotangulia mengine yote. Kabla nozeli, yaani kichwa cha kutolea maji mwishoni mwa mpira, haijafunguliwa, kamanda wa tukio anapaswa awe ametamka, na kila askari awe amesikia, kwamba kikosi kinaingia ndani au kinapigana kutoka nje. Kazi hizi mbili hazifanyiki kwa wakati mmoja ndani ya jengo moja. Askari walioingia na mpira wa milimita 45 husogea wakiwa wameinama, moshi wenye joto kali ukiwa juu ya vichwa vyao, na usalama wao wote unategemea moshi huo uendelee kutoka kwa njia uliyoizoea. Mtu wa nje akifungua mzinga wa maji uliowekwa juu ya gari na kuuelekeza kwenye dirisha la upande wa pili, njia hiyo huzibwa, na lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke huchukua nafasi ya lita zipatazo 1,700. Joto na mvuke huo lazima viende mahali, na mara nyingi vinakokwenda ndiko waliko askari.

Hili nimelitenda kwa mikono yangu. Katika moto wa ghala niliwekwa nyuma ya jengo na nozeli, wenzangu wawili wakaingia kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyeniambia kwamba wameingia. Niliona miali kwenye dirisha nikafungua maji. Walitoka wakiwa wamebabuka masikio na shingo. Ukiuangalia moto peke yake ungesema nimefanya kazi nzuri, maana ulikuwa umepungua sana.

Kosa la aina ya pili ni kuchelewa kutoka. Mfano wake mkubwa ni moto wa Julai 1, 1988, katika duka la kuuza na kutengeneza magari ya Ford mjini Hackensack, New Jersey, nchini Marekani. Paa la jengo lile lilibebwa na kenchi ndefu za mbao zenye umbo la upinde, na nafasi iliyo kati ya dari na paa ilikuwa imegeuzwa stoo ya vipuri. Askari walikuwa chini ya dari, ambako hapakuwa na moto wa kutisha, wakati juu yao kenchi zilikuwa zinaungua. Amri ya kurudisha mipira nje ilitolewa kwa redio muda mfupi kabla ya paa kuanguka, lakini hakuna aliyeijibu, na hakuna aliyekwenda kuhakikisha kwamba imefika. Askari watano walikufa. Watatu waliangukiwa na paa, na wawili walikimbilia chumba cha vifaa, wakaomba msaada kwa redio, na msaada haukuwafikia kwa wakati.

Kwa hiyo kuhama kutoka ndani kwenda nje kuna hatua ambayo haipaswi kurukwa: watu wahesabiwe kwa majina mlangoni, idadi itimie, ndipo mizinga ya maji ifunguliwe. Amri ambayo haijajibiwa ihesabiwe kuwa haijatolewa. Karibuni kwa michango na maswali.

Chapisho la 2 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi huu. Nina swali kuhusu jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa, kwamba ukimwaga maji kupitia dirisha ambalo moto unatokea, unausukuma moto kuelekea vyumba ambavyo bado havijaungua na unawaua waliomo. Kwa mafundisho hayo, askari alipaswa aingie kwa mlango upande usioungua na kuusukuma moto utoke nje. Je, bado ni kweli? Na kama si kweli, mbona wenzako walibabuka?

Chapisho la 3 – Mleta mada

Mkuu, umenibana mahali penyewe, na nitakujibu bila kujitetea.

Mafundisho hayo yalidumu kwa vizazi. Mwaka 2012, katika kisiwa cha Governors Island jijini New York, idara ya zimamoto ya jiji hilo ilishirikiana na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, pamoja na UL, maabara za Marekani za kupima usalama, kuchoma nyumba zilizokuwa zikisubiri kubomolewa, zikiwa na vipima joto kuanzia sakafuni hadi darini. Maji yalipopigwa kutoka nje kwa muda mfupi kuelekea chumba kinachoungua, joto lilishuka katika chumba hicho na pia katika vyumba vya jirani. Kilichoonekana kuusambaza moto ni njia ya hewa: mlango uliofunguliwa na kuachwa wazi, au dirisha lililovunjwa kabla maji hayajawa tayari.

Kuna sababu ya jambo hili kuwa na uzito zaidi leo. Katika majaribio mengine ya UL, sebule iliyopambwa kwa samani za kisasa, yaani sofa za sponji, mapazia na mazulia ya nyuzi za viwandani, ilishika moto chumba kizima kwa mkupuo mmoja katika muda usiofika dakika 5, wakati sebule yenye samani za zamani za mbao na pamba ilichukua karibu dakika 30. Moto wa sponji humaliza hewa ya chumba haraka, kisha hutulia ukifuka moshi mzito, ukingoja hewa. Anayefungua mlango bila maji mkononi ndiye anayeupa hewa hiyo.

Lakini namna ya kupiga maji ndiyo inayoamua. Askari wa nje husogea karibu na dirisha, akiwa pembeni kidogo mwa mdomo wake, na kupiga mkondo ulionyooka kwa pembe kali ya kwenda juu, ili maji yagonge dari na kuvunjika kuwa matone yanayonyesha chumba kizima. Mkondo hauzungushwi wala hautikiswi. Sekunde kumi hadi thelathini huwa zinatosha, kisha nozeli inafungwa na mtu anaangalia moshi umebadilika vipi. Mkondo ulionyooka huacha sehemu kubwa ya dirisha ikiwa wazi, hivyo moshi na mvuke huendelea kutoka hapo hapo juu ya maji.

Ukigeuza nozeli iwe ya mnyunyizo mpana, unafanya kinyume chake. Matone hukokota hewa nyingi pamoja nayo na kuisukuma ndani, na upana wake huziba dirisha lote mithili ya kizibo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili: siku ile nozeli yangu ilikuwa kwenye mnyunyizo. Niliziba njia ya kutokea moshi, nikaongeza hewa na mvuke, na wenzangu walikuwa kati yangu na mlango wa mbele. Majaribio ya New York yalihusu maji ya kwanza, yanayopigwa kabla ya kuingia, kwa mkondo sahihi, na kila mtu akijua yanapigwa. Mimi nilikosa yote matatu.

Chapisho la 4 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, mimi ni mfanyabiashara mwenye fremu mbili katika soko lenye msongamano, na sina taaluma ya zimamoto. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, sote tulitazama picha zake kwa uchungu. Kinachotukera wafanyabiashara ni kwamba gari la zimamoto linafika, linapiga maji dakika chache, kisha linaondoka kutafuta maji mengine. Kwa nini lisije likiwa limejaa?

Chapisho la 5 – Mleta mada

Ndugu yangu, kwa kawaida linakuja likiwa limejaa. Tufanye hesabu pamoja, nayo itakuonyesha kwa nini hata tangi lililojaa pomoni halitoshi.

Chuo cha taifa cha zimamoto cha Marekani kina kanuni ya makadirio ambayo kwa vipimo vyetu inatoa takriban lita 13.6 kwa dakika kwa kila mita moja ya mraba inayoungua. Chukua duka la mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120, likiwa linaungua lote. Unahitaji karibu lita 1,630 kila dakika. Gari lenye tangi la lita 5,000 linamaliza maji yake katika dakika tatu na sekunde chache. Ukitegemea maboza ya lita 10,000, basi boza moja linapaswa kufika, kuunganishwa na kuanza kutoa maji kila baada ya dakika sita, muda wote wa kazi. Yeyote anayezijua barabara zetu za saa kumi na mbili jioni anajua maana ya dakika sita.

Kwa hiyo gari la kwanza likitumia maji yake yote kwa dakika tatu za mwanzo juu ya paa linalowaka, limeondoa wingu la moshi kwenye picha za simu na halijabadilisha chochote. Kamanda mwenye uzoefu hujiuliza mapema kama maji aliyonayo, pamoja na yale yanayokuja kwa uhakika, yanafikia kiasi kile. Yakifikia, anashambulia moto. Yasipofikia, jengo hilo analihesabu kuwa limekwisha, na maji machache aliyonayo anayapeleka kwenye kuta na mapaa ya majirani. Ni uamuzi mchungu sana kuutoa mbele ya mwenye mali anayelia, na sijui kamanda aliyewahi kushangiliwa kwa kuutoa, lakini fremu arobaini za jirani husalimika kwa uamuzi wa namna hiyo.

Mpira wa kuleta maji, kutoka kwenye haidranti (bomba la maji la zimamoto lililo mtaani) au boza hadi kwenye gari, ndio wa kulazwa mapema, hata kabla mtu hajajua kama atauhitaji. Baada ya moto wa duka la Sofa Super Store mjini Charleston, South Carolina, Juni 18, 2007, ulioua askari tisa wa zimamoto, wachunguzi wa NIST walieleza kwa kirefu upungufu wa maji kwenye eneo la tukio. Jengo lilikuwa pana, limejaa sofa na magodoro, halikuwa na vinyunyizio vya maji darini, na mipira iliyoingizwa ndani ilikuwa midogo mno kulinganisha na moto uliokuwepo. Uchunguzi huo ulieleza pia kwamba moto ulikuwa umesambaa katika nafasi iliyo juu ya dari bila kuonekana, na kwamba kuvunjwa kwa vioo vya mbele kuliupa hewa uliyokuwa umekosa.

Ombi langu kwa wafanyabiashara ni dogo. Msipitishe bajaji wala mikokoteni ya kuhamisha mali juu ya mipira ya maji. Kila gurudumu linalopita juu ya mpira linapunguza maji kwa aliye mbele, na yeye hawezi kujua sababu.

Chapisho la 6 – Mchangiaji

Mimi ni fundi ujenzi. Ninakubaliana na mengi, ila nina shaka na kanuni ya kukaa mbali na jengo kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wake, ambayo nimeona ikitajwa kwenye mafunzo ya usalama. Jengo la mita 10 linataka mita 15. Mitaa yetu mingi haina mita 15 kutoka ukuta hadi ukuta. Je, kanuni isiyotekelezeka ina faida gani?

Chapisho la 7 – Mleta mada

Fundi, hoja yako ni ya kweli, na ndiyo maana nafasi ya kusimama huamuliwa kwa kuangalia jengo lenyewe. Ukuta ukianguka wote kwa pamoja kama mlango uliong'oka bawaba, unafika umbali sawa na urefu wake, na ile nusu ya ziada ni ya matofali yanayoruka na kubingirika. Lakini ukuta huanguka kuelekea mbele yake, mara chache sana kuelekea kwenye pembe. Kwa hiyo panapokosekana mita 15, kikosi hukaa kwenye pembe za jengo, ambako kuta mbili hukutana na kushikana, na kupiga maji kwa mshazari. Magari nayo huegeshwa kwenye pembe. Pasipowezekana hata hivyo, mzinga wa maji hufungwa mahali pake, ukaelekezwa, na watu wakaondoka wakauacha ufanye kazi peke yake. Mzinga ukifunikwa na matofali ni hasara ya vifaa tu.

Wewe kama fundi utanielewa nikitaja nyumba hizi za paa la kuficha, ambazo ukuta wake wa mbele umepandishwa juu ya paa ili bati lisionekane. Ukuta ule mara nyingi umesimama peke yake juu ya lenta, bila kushikwa na kitu nyuma. Kenchi zikiungua na kulegea, zinaweza kuusukuma au kuuvuta, na kwa aliye barabarani hakuna dalili yoyote kwa sababu paa lenyewe halionekani. Mbele ya ukuta wa namna hiyo mimi sisimami, hata moto uwe mdogo.

Chuma nacho hudanganya. Nguzo au boriti ya chuma haiungui, lakini ikifika nyuzi joto 550 hadi 600 za Selsiasi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Tena hurefuka: boriti ya mita 10 ikipata ongezeko la nyuzi 500 hurefuka kwa sentimita zipatazo 6, na sentimita hizo sita huweza kuusukuma ukuta uliojengwa kuibeba.

Halafu kuna uzito wa maji yetu wenyewe, ambao watu husahau. Lita moja ni kilo moja. Mzinga wa lita 2,000 kwa dakika unapakia tani mbili ndani ya jengo kila dakika, na katika dakika kumi ni tani ishirini juu ya sakafu ambayo tayari imedhoofika. Kama maji yanatiririka kutoka milangoni na ngazini, ni afadhali. Kama yanaingia na hayatoki, yamekaa mahali fulani juu. Katika ghala la mitumba, karatasi au nafaka hali ni mbaya zaidi, kwa sababu marobota hunywa maji, yakaongezeka uzito, na mengine yakavimba na kusukuma kuta. Mtu mmoja wa nje anapaswa awe na kazi hiyo tu, ya kuangalia maji yanayotoka, nyufa zinazopanuka, na mlango ambao fremu yake imepinda.

Chapisho la 8 – Mchangiaji

Naomba kuuliza kuhusu majirani. Nimeona mara kadhaa askari wakitengeneza pazia la maji hewani, kati ya jengo linaloungua na jengo la pili. Lilikuwa linapendeza, lakini jengo la pili likaungua vilevile.

Chapisho la 9 – Mleta mada

Ulichokiona kina maelezo yake. Joto kubwa linalovuka uchochoro husafiri kwa mionzi, kama lile linalokuchoma uso ukikaa karibu na tanuri la matofali. Mionzi hupenya hewa, hupenya kioo, na sehemu yake kubwa hupenya pia pazia la matone. Maji hulinda pale yanapogusa kitu kinachopata joto. Kwa hiyo maji hupigwa juu ya ukuta wa jirani, kuanzia juu, yakashuka yakiulowesha wote. Ukuta ukitoa mvuke, jua kwamba una joto na bado unahitaji maji. Ukiacha kutoa mvuke, nozeli inahamia pengine na kurudi baadaye, hivyo maji machache yanahudumia kuta nyingi.

Kwa kuwa mionzi hupenya kioo, kulowesha nje hakutoshi. Askari wawili waingie katika jengo la jirani, ambalo haliungui, wakiwa na mpira wao, wafunge madirisha, waondoe mapazia na kusogeza sofa na magodoro mbali na upande wa moto. Mara nyingi jengo la pili huanza kuungua kwa pazia la ndani, wakati ukuta wake wa nje ukiwa bado unachuruzika maji.

Hatari nyingine ni cheche. Kwa wale wa pwani, ambako bado kuna mapaa ya makuti, upepo wa kusi unaweza kubeba makaa na kuyatua juu ya paa lililo mbali kabisa na mahali ambapo macho yote yameelekezwa. Hapo vijana wa mtaa wana msaada mkubwa kuliko wanavyodhani: ndoo za maji, mchanga, na mtu mmoja juu ya kila paa salama upande unakoelekea upepo.

Chapisho la 10 – Mchangiaji

Mleta mada, umezungumzia majengo na mali. Na kama kuna watu ndani? Gikomba, Nairobi, Juni 28, 2018, watu 15 walikufa. Je, kamanda anaweza kweli kusema "tuko nje" wakati watu wanapiga kelele ghorofani?

Chapisho la 11 – Mleta mada

Swali zito, na nitalijibu kwa uangalifu.

Panapokuwa na mtu anayeweza kuwa hai, kikosi kinaingia, na hata hivyo maji ya sekunde chache kutoka nje, kabla ya kuingia, huwa ni sehemu ya uokoaji. Aliyenaswa katika chumba cha pili nyuma ya mlango uliofungwa anafaidika pale joto la chumba kinachoungua linaposhuka, na askari anayekwenda kumchukua anafaidika pia. Huko nje kuna kazi nyingine za uokoaji: ngazi kuwekwa kwenye kila dirisha ambalo mtu ameonekana, na grili za nondo kukatwa. Nondo za madirishani ni tatizo letu kubwa, na kikosi cha nje kisicho na mashine ya kukatia chuma kimefika kikiwa na upungufu.

Lakini kuna kiwango ambacho hakuna mtu anayeweza kuwa hai nacho. Chumba ambacho miali imejaa kuanzia sakafuni hadi darini hakina wa kuokolewa, na kumpeleka askari humo ni kuongeza idadi ya wafu. Desemba 3, 1999, katika ghala kuukuu la barafu mjini Worcester, Massachusetts, askari wawili waliingia kuwatafuta watu wasio na makazi ambao ilidhaniwa wamo ndani. Watu hao walikuwa wameshatoka. Wawili hao walipotea katika moshi, katika jengo lisilo na madirisha, na wengine wanne waliokwenda kuwatafuta wakapotea pia. Hapo kamanda aliyekuwa pale, Mike McNamee, alisimama mlangoni na kuwazuia wengine wote wasiingie, ingawa walitaka kuingia kuwafuata wenzao. Sita walikufa. Wangeweza kuwa wengi zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, anaweza kusema, na wakati mwingine analazimika. Kinachomsaidia ni taarifa. Ukikutana na kamanda, mwambie ni nani umemwona, lini, na kwenye dirisha gani. Maneno "kuna watu ndani" peke yake hayampi pa kuanzia.

Chapisho la 12 – Mchangiaji

Vipi kuhusu umeme na mitungi ya gesi? Na haya maghorofa yaliyovikwa alukobondi, yale mabamba ya alumini ya kupambia kuta za nje?

Chapisho la 13 – Mleta mada

Kuhusu umeme, waya wowote unahesabiwa kuwa na umeme hadi watu wa shirika la umeme wathibitishe kwa vitendo kwamba wamekata. Mkondo ulionyooka wa maji unaweza kurudisha umeme kwa aliyeshika nozeli, na ngazi ya alumini chini ya nyaya za mbele ya maduka ni hatari kuliko moto wenyewe. Hata baada ya kukatwa, kumbukeni jenereta zinazojiwasha zenyewe na mifumo ya sola yenye betri, ambayo haijui kwamba umeme wa mtaa umekatwa.

Mtungi wa gesi unaopigwa na moto hupozwa kutoka mbali, askari akiwa nyuma ya kitu imara, maji yakielekezwa hasa sehemu ya juu ya mtungi, ambako nyuma ya chuma kuna gesi tupu isiyo na kimiminika cha kupokea joto. Chuma hicho ndicho hulegea kwanza na kupasuka. Ikiwa gesi inavuja na inawaka kwenye valvu, miali hiyo haizimwi mpaka kuwe na njia ya kuufunga mtungi, kwa sababu gesi iliyozimwa huendelea kuvuja, hujikusanya chini, na hutafuta cheche nyingine.

Alukobondi inahitaji mtu wa nje mwenye macho. Katika jengo la Grenfell, London, Juni 14, 2017, moto ulianzia jikoni kwenye ghorofa ya nne, ukatoka dirishani na kushika mabamba ya nje, ambayo kati ya karatasi zake mbili za alumini yalikuwa na plastiki ya polithini. Watu 72 walikufa. Waliokuwa ndani ya jiko lile wasingeweza kuona kinachotokea upande wa nje wa ukuta. Aliye chini ndiye huona, na analopaswa kufanya ni kutoa taarifa mara moja, kwa kuwa mpira wa mkononi kutoka ardhini hufika ghorofa chache tu, na muda wa kuuwahi moto wa namna hiyo kwa maji ni mfupi mno.

Chapisho la 14 – Mchangiaji (fundi wa chapisho la 6)

La mwisho kwangu. Paa la bati likishaanguka juu ya moto, nimeona wakiendelea kupiga maji kwa saa nyingi bila mafanikio. Ufumbuzi ni upi?

Chapisho la 15 – Mleta mada

Fundi, bati lililoanguka limekuwa mwavuli. Maji yote ya juu yanateleza na kuishia mtaroni, na chini yake moto unaendelea kula marobota taratibu. Mizinga ya juu hufungwa, na maji hupigwa kutoka pembeni, chini chini, kupitia milango na madirisha, yakipita chini ya bati. Nikiongezea hapo, paa likiwa bado halijaanguka ila limetoboka, tundu lile lisielekezewe maji kutoka juu, maana ndilo linalotoa joto nje ya jengo.

Baada ya hapo ni kazi ya katapila, si ya askari. Linavuta bati kipande kwa kipande kutoka nje, dereva akiwa mbali na kuta zilizobaki zimesimama, na nozeli moja inapoza kila kinachofunuliwa. Watu wasiruhusiwe kuingia kuokota mabaki kabla kuta hizo hazijaangushwa au kukaguliwa. Na kwa wa Tanzania walioniuliza pembeni, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Unapopiga, taja barabara ambayo gari kubwa linaweza kupita hadi mlangoni, kwa sababu jina la mtaa peke yake halimwambii dereva wa boza kama atafika.